Maili Sita za Tala

Nitasema ukweli, maana kwa umri huu sina tena wa kumwogopa: nilikuwa na wivu kabla sijajua nimwonee nani. Mume wangu akichelewa nusu saa, moyoni nilikuwa nimeshamwoza mke wa pili, nimewajengea nyumba ya mawe, na huyo mke ameshazaa mapacha. Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda. Mimi wala sikukonda. Nilinenepa na kidonda changu vizuri tu.

Tulikaa Jericho, nyumba za kanju, yaani za baraza la jiji, vyumba viwili na watoto wanne. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha. Mimi nilikuwa na meza yangu ya nyanya na vitunguu sokoni karibu na Jogoo Road. Mume wangu aliacha kazi ya kiwanda kule Industrial Area, tukaunganisha akiba yake na pesa za zamu yangu ya chama cha akina mama, tukanunua pikapu kuukuu ya kijani. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda Tala kwa barabara ya Kangundo kuniletea nyanya. Siku nyingine alibebea watu vitanda na mawe ya kujengea.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Sote wawili tulitoka Murang'a, lakini mimi ndiye niliyegawiwa maneno ya kijiji kizima. Nikimfokea aliinamisha kichwa, akanyamaza, kisha akaenda kufanya nilichomfokea. Wakati ule nilikichukia sana kimya chake. Nilifikiri mtu anayenyamaza ana la kuficha.

Sasa, mvua ndefu za mwaka mmoja zilimkamata kule Tala. Pikapu ikazama kwenye matope ya njia ya mashambani, akalala huko siku mbili, na nyanya zikafika zinanuka. Nilimpokea mbele ya wanawake wote wa soko. "Mwanaume gani anashindwa na matope?" nikamwuliza. "Wenzako wanapita, wewe unazama! Gari ni lako au ni la matope?" Wanawake wakacheka mpaka wakashika meza. Yeye akapangusa mikono, akashusha masanduku yaliyopona, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi na matairi ya meno. Ala! Matairi makubwa, meusi, yenye meno marefu kama ya trekta, aliyoyapata kwa mtu aliyevunja gari lake la shamba. Pikapu ikainuka juu, ukitaka kupanda unashika nguo. Kwenye lami yalinguruma hivi kwamba watoto wetu walimsikia baba yao tangu anapoiacha barabara kubwa. Vijana wa mtaa walikuja kuyapapasa. Nami nikasikia raha, sitakataa. Mume wangu hakuzama tena.

Ila sasa nyanya zilianza kufika zimepondeka. Nikafoka tena. "Matope umeyashinda, sasa unaniletea rojo! Nani atanunua rojo?"

"Nitaona la kufanya," akasema.

Akaona, kweli, maana baada ya wiki moja nyanya zilifika nzima. Sikumwuliza amefanya nini. Mimi nilikuwa mtu wa kuuliza pale tu kilipoharibika kitu.

Kilichoharibika baadaye kilikuwa hesabu ya petroli. Zamani tenki moja la Jumatatu asubuhi lilibeba safari zote tatu za Tala. Sasa safari ya pili ikiisha sindano ilikuwa imelala chini, na Ijumaa lazima ajaze tena. Na petroli mwaka ule ilikuwa ya taabu, ukiipata umeshukuru Mungu.

"Petroli inaenda wapi?" nikamwuliza.

"Hata mimi sijui, mama watoto. Labda kabureta."

Aliposema hajui, mimi nikajua anajua.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa mke wa dereva wa kampuni, na yeye alizijua hila za madereva kama mimi ninavyozijua nyanya. Tulikuwa tunafua kwenye bomba nikamweleza. Akakamua shati, akaniangalia kwa huruma mbaya, ile ya mtu anayefurahi. "Dada, umesoma mita?"

"Mita ipi?"

"Ile inayohesabu maili. Nyuma yake kuna kebo. Dereva akitaka kwenda kwake kwa siri, anaichomoa. Dakika mbili tu. Anatembea, anakula vyake, akirudi anaichomeka. Petroli inaisha lakini maili hazionekani. Lisemwalo lipo, dada. Mimi sisemi kitu."

Kusema alikuwa ameshasema. Kuanzia kesho yake nikaamka mapema, nikachukua kitambaa na maji kidogo, nikaenda kumfutia kioo cha gari. Nilifungua mlango, nikafuta kioo cha mbele kwa ndani na nje, na jicho langu likasoma nambari tatu za mwisho. Nikarudi ndani nikizitaja kimoyomoyo nisizisahau, hata mtoto akinisalimu simjibu. Jioni akirudi nilimpelekea maji ya kuoga, naye akiwa bafuni mimi natoka kusoma tena.

Tala kwenda na kurudi ilikuwa maili sabini. Hiyo niliijua, maana zamani mwenyewe aliitaja kila mara kwa majivuno, maili sabini na haichoki. Siku ya kwanza nikapata sitini na nne. Nikasema nimekosea. Jumatano, sitini na nne. Ijumaa, sitini na nne. Kila safari zinapotea sita. Si tano, si saba. Nikasema moyoni, Ngai, Mungu wangu, huyu mtu ana hata mpenzi wa ratiba!

Haki ya Mungu, niliumwa. Nilikuwa nikipima kilo ya nyanya naona maili sita. Usiku nilimgeuzia mgongo, nikimwona asubuhi anakunywa chai kwa utulivu nataka kummwagia. Wakati huohuo nilimwekea sukari, nikatoka kufuta kioo. Aliwaambia watu, na mimi nilisikia kwa masikio yangu akimwambia mzee wa kanisa: "Mke wangu ana maneno mengi, lakini kila asubuhi hunifutia kioo cha gari." Mzee akasema hiyo ni baraka. Mimi nilisimama hapo na Biblia yangu, nikafikiri, endelea tu, njia ya mwongo ni fupi.

Wa kumwonea wivu nilimpata bila shida. Kule upande wa Komarock, enzi hizo kukiwa bado ni mashamba na machimbo ya mawe, kulikuwa na mjane Mkamba aliyefuga kuku. Mume wangu akitoka Nairobi alimshushia gunia la chakula cha kuku langoni. Na yule mama, kwa shukrani, kila baada ya wiki mbili alimpa mume wangu atuletee mayai ndani ya kiondo kidogo cha mkonge chenye mistari ya zambarau. Nilimwona mara moja tu alipokuja sokoni kwetu. Mrefu, ana mwanya, anacheka kwa sauti. Na kutoka kwetu hadi langoni kwake ni maili ngapi? Sita! Nilimwuliza dereva wa lori la mawe, akaniambia sita, au karibu. Basi, nikasema, akirudi anaichomoa kebo langoni kwake, anaichomeka akifika kwetu. Nikamshukuru kama aliyenipa zawadi.

Watu wa kwetu na watu wa Ukambani tunatofautiana mengi, lakini hili tunakubaliana: kiondo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa mayai, unarudisha viazi. Huna viazi, weka kitunguu kimoja, weka hata chumvi kwenye karatasi. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenyewe, usije tena kwangu. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka miwili, viazi, njahi, yale maharagwe yetu meusi, nyanya nzuri za juu.

Siku hiyo nilitoa mayai, nikakipangusa kiondo ndani mpaka hakuna hata unyoya, nikakifunga mdomo kwa uzi ili mume wangu asione, nikampa. "Mpelekee rafiki yako."

"Umeweka nini?" akauliza.

"Atajua mwenyewe."

Alijua. Mayai yalikoma. Na chakula cha kuku, mjane akatafuta gari lingine la kumbebea. Mimi nikasema, naam, ameshtuka, kidole kimegusa jipu. Lakini mita iliendelea na sitini na nne zake, na petroli ikaendelea kuisha. Kwa hivyo, nikasema, wanakutana bado. Nikatoa sanduku la bati chini ya kitanda, nikaweka nguo za watoto, vyeti vyao vya kliniki na blanketi mbili. Niliapa: nikishika ushahidi kwa macho yangu, narudi Murang'a na watoto wangu wanne, na yeye abaki na kuku wake.

Ijumaa moja nikamwambia, "Leo naenda nawe Tala."

Nilitegemea ashtuke. Alitabasamu! Alikunja gunia safi akanitandikia kitini, na tulipofika njiani akanunua mahindi mawili ya kuchoma, langu likiwa kubwa. Nikala, lakini jicho halikutoka kwenye mita. Nilikaa nimeinama upande wake kama mtu anayeumwa tumbo, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Tulipita langoni kwa mjane. Akapiga honi mara mbili, hakupunguza mwendo. Yule mama alikuwa uani anachota maji, akatutazama, akageuka.

"Siku hizi hapungi mkono," mume wangu akasema. "Sijui nilimkosea nini."

Nikauma mahindi.

Tala tukapakia masanduku. Yakishajaa, nikamwona anapiga magoti kwenye tairi la nyuma, ana njiti ya kiberiti mkononi, anaminya pale pa kujazia upepo. Upepo ukatoka, fyuuu. Akaenda la pili, la tatu, la nne.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Si ulisema nyanya zinafika rojo?" Hakuinua hata kichwa. "Haya meno yanatikisa sana. Nikipunguza upepo gari linalainika, hazirushwirushwi. Jumatatu nafanya hivi, Jumatano nafanya hivi."

"Na kuujaza tena?"

"Pampu ya miguu imeharibika tangu Krismasi. Najaza kidogo petroli stesheni nikikumbuka."

Nikapanda garini bila kufoka. Haikuwa kawaida yangu.

Tukarudi. Sikusinzia, sikutazama mashamba, sikutazama watu. Kebo haikuguswa, njia haikukatwa, mume wangu hakushuka popote ila kukojoa mara moja, na hapo nilimwona mgongo. Karibu na Outer Ring gari likakohoa likazima. Sindano imelala chini kabisa, maana asubuhi stesheni walimpimia petroli kidogo tu. Nikatazama mita: bado kidogo ifike sitini na nne, na nyumbani palikuwa hapo tu mbele. Mimi mwenyewe nikiwa ndani! Maili sita zimepotea na mimi nimezikalia.

Hatua chache mbele palikuwa na fundi wa matairi, mzee mfupi chini ya mabati mawili. Tukasukuma gari mpaka kwake ili mume wangu aliache hapo akatafute petroli na debe. Fundi akatoka, akalizunguka gari, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, kidole kikazama. Akacheka.

"Mzee, hili ni gari au ni trekta limekalia godoro? Petroli unalinywesha au unaimwaga?"

"Limeanza kunywa sana," mume wangu akakubali.

"Litaacha vipi? Mama," akanigeukia mimi, "umewahi kukimbia kwenye lami na gambuti za shamba, zile buti za mpira, tena zenye tope?"

"Nimewahi kutembea tu, na nilichoka."

"Basi gari nalo linachoka. Haya meno ni ya matope. Kwenye lami kila jino linashika barabara na kung'ang'ana, na yenyewe ni mazito, injini inayavuta siku nzima. Halafu umetoa upepo, tairi limelala, kila likizunguka linajikunja na kujikunjua. Hiyo kazi yote inalipwa na petroli. Mvua iliisha lini? Weka matairi membamba ya mistari, jaza upepo mpaka yakaze, utaona."

Mume wangu akasema, kwa kujitetea, kwamba hata mita inaonyesha gari linatembea kidogo kuliko zamani, kwa hivyo labda injini ndiyo mbovu. Fundi akatikisa kichwa. Akaokota vifuniko viwili vya mikebe ya mafuta ya kupikia, kikubwa na kidogo, akatia kila kimoja alama ya chaki. Akaviviringisha chini, kutoka kwenye jeki hadi kwenye jiwe. Kidogo kilizunguka mara nyingi. Kikubwa kilizunguka mara chache, kikafika palepale.

"Mita inahesabu mizunguko," akasema, "haihesabu barabara. Umeweka tairi kubwa, linazunguka mara chache, mita inakupunja. Njia ni ileile."

Maneno yakanitoka kabla sijayashika. "Kwa hivyo sitini na nne ni sabini?"

Fundi akasema, "Kabisa, mama. Inaweza kuwa."

Mume wangu ndiye aliyegeuka. Akanitazama polepole. "Sitini na nne umeijua wapi?"

Mimi, ninayeshinda soko zima kwa mdomo, nilitazama vifuniko.

"Hatujafika nyumbani," akasema. "Mita bado haijafika hapo. Umeijua wapi?"

Hakuuliza tena. Alichukua debe akaenda kutafuta petroli, akarudi, akamimina, tukaenda nyumbani. Tulipofika alizima gari, akainama chini ya usukani, akapapasa, akavuta. Akatoka na kebo, nyeusi, yenye grisi, ndefu kuliko nilivyofikiri. Ncha ya kebo akaiweka mkononi mwangu.

"Shika," akasema. Kisha akasema lile neno ambalo sijalisahau mpaka leo. "Nilidhani unanifutia kioo."

Akaanza kushusha nyanya. Zote nzima, hakuna hata moja iliyopondeka.

Nililia jikoni, na nililia kwa hasira, hasira ya kujikasirikia mwenyewe. Matairi ya meno aliyaweka kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu. Upepo aliutoa kwa sababu ya nyanya zangu. Petroli yote niliyomhesabia iliteketea kwa mdomo wangu, na mimi nikawa nakesha nikimtafuta mwanamke aliyeinywa. Nilirudisha nguo za watoto kabatini. Alinikuta nimeshika blanketi la mwisho, akalitazama sanduku, akaelewa, akatoka nje.

Wiki iliyofuata aliuza matairi yale kwa mtu wa Kangundo aliyeyataka kwa shamba lake, akaweka membamba ya mistari, akatengeneza pampu. Mimi nikaanza kutandika nyasi kavu ndani ya masanduku, chini na katikati, nikayatuma naye Tala. Nyanya zilifika nzima na upepo umekaza. Tenki likabeba safari tatu, na Jumapili likatupeleka kanisani. Watoto walinung'unika kwamba gari halingurumi tena.

Nilinunua kiondo, maana cha mjane nilikuwa nimekirudisha, nikakijaza viazi, njahi na vitunguu mpaka hakifungi. Nikamwomba mume wangu ampelekee.

"Peleka mwenyewe," akasema.

Alinipeleka hadi langoni, akabaki garini. Mjane akakipokea, akachungulia ndani, akakiweka chini.

"Mume wako hajawahi kuingia hili lango," akasema. "Hushusha gunia hapo nje, ananiambia mke wangu anangoja mzigo sokoni, anaondoka." Kisha akasema, "Mama, mimi nilifiwa. Najua kukosa mume kulivyo. Nitamfanyia mwenzangu hivyo?"

Nilimwomba msamaha. Alinipa mayai sita kwenye kile kiondo changu kipya, nami nikashukuru, lakini hakucheka kama alivyocheka siku ile sokoni.

Mume wangu hakunipiga, hakunitusi, hakulitaja jambo hilo kwa watu. Tulikula, tulilala, tuliongeza hata mtoto wa tano. Nilimwomba mara nyingi arudishe kebo. "Ya nini?" alisema. "Tala ni maili sabini. Unajua, na mimi najua." Mita ikabaki palepale iliposimama siku ile. Kila asubuhi niliendelea kufuta kioo, na kila asubuhi nambari ilikuwa ileile. Akinipata nafuta alisema asante, kwa sauti ya mtu anayemshukuru mgeni. Na wivu? Uliisha? Thubutu! Akichelewa, bado moyo ulimjengea nyumba ya mawe. Ila sasa niliumwa nikiwa nimefunga mdomo.

Tuliiuza pikapu miaka minane baadaye, macho ya mume wangu yalipoanza kufifia. Mnunuzi alikuwa kijana wa Buruburu. Alipiga matairi teke, akafungua boneti, akakaa kwenye usukani na kutazama mita, uso ukang'aa.

"Mzee, hili halijatembea sana!"

"Usiiamini hiyo," mume wangu akasema. "Imesimama miaka mingi."

"Iliharibika?"

Mume wangu akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Muulize mama," akasema.

Majirani walikuwepo, yule wa mlango wa pili akiwa wa kwanza, mikono kiunoni. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo wa kila aina tayari ulimini.

"Haikuharibika," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiisoma kila siku kumchunguza mume wangu, na hakuwa amekosa kitu. Alichomoa kebo yake ili niache."

Hakuna aliyecheka. Niliingia ndani, nikafungua sanduku la bati, nikaitoa kebo kwenye kitambaa nilichoifungia miaka yote hiyo, nikampa yule kijana. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameokota kitambaa kile chini, anafuta kioo cha gari kwa mara ya mwisho, na kwa jinsi macho yake yalivyokuwa, alikuwa anaacha sehemu nyingi. Nikasogea nikamalizia zilizobaki.